Nakala Nane

Kijana wa chuo amesimama mbele ya meza yangu
hapa Luanda, kando ya barabara ya Busia,
kishikwambi mkononi, swali moja mdomoni:
Mama Kageha, je, watu bado wananunua gazeti?
Chini ya swali kuna visanduku viwili.
Ndiyo. Hapana.

Jana niliuza nakala nane.
Niandikie hizo, kama pana nafasi.

Ya kwanza aliichukua karani wa wakili.
Hasomi yule. Hukata tangazo la shamba
la mtu aliyekufa bila kugawa,
akalibandika kwenye faili kama plasta juu ya jipu.

Ya pili ni ya Andeyo kinyozi.
Wateja wake wamefungwa shuka hadi shingoni,
mikono imo ndani, simu haishikiki,
basi huwasomea mpira yeye mwenyewe,
na wembe ukisita sikioni
ujue timu yake imefungwa.

Tano zilikwenda nyumba moja. Nitarudi hapo.

Ya nane naihesabu kwa aibu.
Mwalimu Agufana, mstaafu, husoma wima,
huanzia ukurasa wa mwisho kama anayeingia kwa mlango wa jikoni,
akimaliza hulikunja
likanyooka kuliko lilivyotoka kiwandani,
akaacha shilingi kumi chini ya jiwe.
Hiyo ni kununua? Wewe ndiye msomi.

Zamani gari likikwama Kisian
watu walinijia juu kana kwamba mimi ndiye dereva.
Sitini zilikwisha kabla ya saa tatu.
Siku hizi habari hufika usiku,
hulala, huamka, hukanushwa, huapizwa,
na gari langu bado halijapita Maseno.
Nauza uji uliopoa, mwanangu.
Lakini wapo wanaoupenda umepoa.

Shivachi wa bucha hataki la leo.
Anataka la mwezi uliopita, kwa kilo.
Waziri ameahidi lami hadi Emuhaya,
picha yake inacheka, mkasi wa utepe mkononi,
na ndani yake matumbo ya mia mbili
yanavuja taratibu kwenye tai.

Sasa zile tano.

Mzee Okwemba alikuja kabla sijafungua kamba.
Alisimama kando, kofia mkononi,
akangoja kama mtu aliye kwenye foleni, na foleni haikuwapo.
Mwanawe alikuwa ukurasa wa thelathini na mbili,
upande wa kushoto, chini,
koti la kuazima, tabasamu lake mwenyewe.
Simu ya marehemu ipo, alisema, imo kabatini.
Picha zimejaa humo, mpaka za mamake akipepeta mtama.
Lakini namba za kuifungulia
alikwenda nazo.

Moja ya sanduku. Moja ya kanisa.
Moja ya shangazi yake aliyeko Kitale.
Mbili hakuniambia za nani.

Alilifungua la juu, akamgusa yule kijana shavuni
kwa kidole gumba, polepole,
wino ukamshika.
Hakujifuta.
Alinilipa kwa mkono wa kushoto
akaomba radhi kwa kunilipa kwa mkono wa kushoto,
akapanda bodaboda huku kidole kakisimamisha
kama aliyetoka kupiga kura.

Kijana wa chuo alinyamaza kidogo.
Kisha akasema, kwa upole, sikatai,
Mama, ni ndiyo au ni hapana?
Haiendi mbele nisipojaza.

Nilitaka kumjibu. Mvua ikatangulia,
ile ya kwetu ya saa nane, isiyobisha hodi.
Nikatandaza nailoni juu ya meza,
nikaweka mawe yangu manne.
Naye kishikwambi kakificha kifuani kama kifaranga,
kichwa wazi, anaangalia huku na huku.

Mama, una la jana nijifunike?

Lipo. Shilingi kumi.

Akatoa sarafu.

Haya, andika, nikamwambia. Mmoja.