Kutafsiri Dirisha

Kiingilio mia tano; ukikaa mkekani, mia tatu.
Bango nililiandika mwenyewe kwa chaki:
MAGAIDI WA MILIMANI. BUNDUKI MWANZO MWISHO.
Niliongopa. Sikuwa nimeitazama.

Hapa Mwanga wananijua kwa sauti.
Mimi ndiye ninayemsemea Mchina akiruka ukuta,
ninayemtukana adui kwa Kiha,
ninayeongeza kichekesho pale mwenye filamu alipochoka.
Ijumaa ile nikashika maiki, nikakohoa:
"Haya, ndugu watazamaji, hawa ni Wabaski.
Lugha yao haina shangazi wala binamu duniani,
na wana jambo lao na serikali."
Watu wakacheka. Jambo lao na serikali!

Mvua. Mapaa mekundu. Tarishi, jina lake Koldo,
anaingia mgahawani, anakunja mwavuli, anaagiza kahawa.
Vijana wa mbele wakajiweka sawa.
Kisha kamera ikageuka,
ikatupeleka ng'ambo ya barabara, ghorofa ya pili:
mkono wa mtu unafunga dirisha.
Halafu la jirani. Halafu la tatu.
Taratibu, kama mtu anayefunika sufuria.
Mlio tuliusikia tukiwa tumefungiwa nje.

"Rudisha nyuma! Risasi iko wapi?" akapayuka Lumolwa.
"Tumelipia damu, siyo madirisha!"
Nikapapasa utani chini ya ulimi, ulipo siku zote.
Hamna.

Kulikuwa na neno lao, *herri, herri*,
kila mmoja analo mdomoni.
Unai, kijana aliyeua, analitamka: maandishi ya chini yanasema *nchi*.
Mjane analitamka: yanasema *kijiji*.
Padri naye, madhabahuni: *watu*.
Nikabaki na maiki kama niliyeachiwa mtoto wa mwenzangu stesheni
na treni imeshapiga honi.
Mara zote tatu nikasema: *kwetu*.
Aliua kwa ajili ya kwetu.
Kwetu walifunga madirisha.
Kwetu, tumwombee marehemu.

Wala filamu haikumpamba mtu.
Chumba cha polisi, mfuko wa plastiki kichwani mwa Unai,
anatweta kama mgebuka sakafuni mwa mtumbwi.
Mama yake anapanda basi usiku kucha, kilomita mia nane,
na soksi alizofuma kwa mkono,
akamwone mwanawe dakika arobaini nyuma ya kioo.
Soksi zikakataliwa.
Mama huyo nilimsemea kwa sauti ya kike, kama nifanyavyo,
na hakuna aliyecheka.

Miaka ishirini baadaye: meza, chupa ya maji, viti viwili.
Garbinye, mjane, anauliza,
"Alikuwa amemaliza kahawa yake?"
Unai, mvi tele, anatazama vidole.
"Sikumjua. Nilipewa jina kwenye karatasi."
"Nimekuuliza kahawa."

Hapo nikazima maiki.
Wakaendelea wenyewe, kwa lugha yao,
na jenereta ya Kiyabo ikiguruma uani.

Taa zilipowaka vijana wakatoka wakidai hela zao.
Mlangoni alibaki Spesioza, muuza dagaa wa kukaanga,
beseni kichwani, mtu ambaye hajawahi kuingia humu,
aliyevuka mpaka kutoka Burundi mwaka asioutaja.
"Lile dirisha la pili," akasema. "Nirudishie."

Nikarudisha. Mkono, pazia, kitasa.
Tena, akasema. Mkono, pazia.
Akasogea hadi kivuli cha beseni kikaingia mtaani kwao.
"La kwetu lilikuwa la bluu.
Na mkono niliujua. Tukiazimana chumvi."

Sikujua nimwambie nini, mimi mwenye maneno.
Akatua beseni, akafungua pindo la kanga,
akauliza, kutazama dirisha peke yake
ni shilingi ngapi.