Ndoo ya Chokaa

Mama hakupata shamba Fall River.
Alipata kibaraza cha ghorofa ya tatu,
hatua saba kwa tatu, mbao zinazolia ukizikanyaga,
na kamba ya nguo inayokwenda hadi kwa Bi Hermínia.
Hapo ndipo alipopanda haidranjia.

Kule Faial, asema, hakuna anayezipanda.
Zinajiotea kati ya shamba na shamba,
ukuta wa buluu unaozuia ng'ombe wa mtu
kula majani ya mtu.
Hapa kila moja ina anwani:
hii debe la mafuta ya zeituni,
hii sufuria iliyotoboka,
na ile kubwa, ndoo ya kazi ya baba,
mpiga lipu, aliyetutoka Februari
ardhi ikiwa ngumu hata kaburi likangoja mashine.

Nimejifunza kwa kuamrishwa.
Toboa chini, matundu manane, usiwe bahili:
mizizi inataka kunywa, haitaki kuogelea.
Jua la asubuhi lipokee, la saa nane lifungie pazia.
Maji alfajiri, maji jioni. Mchana zikilegea
kama wanawake waliotoka zamu ya kiwandani,
usipige kelele, zinapumzika.
Na huo mkasi weka mbali!
Ua la mwakani limeshalala
ndani ya kijiti hicho unachokiona kikavu.

Julai debe likachanua buluu.
Sufuria, buluu ya shati lililofuliwa mno.
Ndoo ya baba ikatoa pinki,
pinki ya ufizi wa mtoto, bila haya.

Washauri wakapanda ngazi.
Bi Hermínia na misumari yenye kutu.
Padri na machicha ya kahawa.
Binamu Zulmiro, aliyesoma, akakwangua ukingo kwa kucha,
akanusa: "Chokaa. Ndoo nzima imeganda chokaa.
Ng'oeni mmea, sugueni kwa siki,
mwakani mtapata buluu yenu."

Mama akamshukuru. Akamkatia mkate mtamu.
Siki ikakaa dirishani
mpaka ikaishia kwenye saladi.

Oktoba tunazishusha ghala la chini,
ngazi thelathini na tisa, zimevishwa magunia.
Debe nalibeba mimi. Sufuria tunaiburuta.
Ndoo haniachii.
Anaishika mwenyewe, pale mpini
ulipolainishwa na kiganja kimoja miaka ishirini na sita,
na kila ngazi anainong'oneza kwa Kireno:
"Taratibu, mzee. Angalia goti."