Kidole cha Makame

Daftari la kituo cha Wete limeliwa na mchwa pembeni.
Majina hawakuyagusa.

Makame Shaame Faki, karafuu, pishi mbili,
mwaka ambao hata iliyoanguka njiani ilikuwa ya serikali.
Miezi sita. Akatoka,
jina likabaki ndani.

Leo skuli ya Mtambwe inataka mlinzi,
na mlinzi alete cheti cha tabia njema.
"Weka gumba, mzee."
Kioo kinawaka, kinazimika. "Tena."

Hamna kitu. Miaka ya kuchambua karafuu
imeilamba mistari yote.

Karani anafungua daftari kuukuu:
hiki hapa kidole cha Makame,
cheusi, kizima,
kingali na miaka ishirini na miwili.