Vile Saba vya Kahawia

Nesi Generoza alinionyesha kwa ncha ya kalamu:
vyeupe ishirini na kimoja, kila usiku kimoja,
na hivi saba vya kahawia ni madini ya chuma tu,
ukifika hapo, siku zako zinakuja.
Nikauliza, na nisipovigusa?
Akatazama mlango kwanza.
“Ukirukia paketi nyingine, haziji.”

Zahanati wanaviita vidonge vya majira.
Nikacheka moyoni: majira ya nani?
Huku kwetu majira yana bosi, naye ni mwezi.
Ukiwa mzima angani, dagaa hawana haja ya kufuata taa,
mitumbwi inalala mchangani, wavuvi wanacheza drafti,
wanadaiwa chapati.
Ukifa, giza likaingia, kazi inaamka,
nami napanda boti ya Irugwa
na magunia matupu kumi na manne.

Mwezi wangu mimi ulichagua giza.
Miaka sita, kama mdai anayejua tarehe ya mshahara.
Leo nimefika kambini, kesho tumbo linakata.
Choo ni kichaka, na kichaka ni cha wote.
Maji ni ziwa, na ziwani wanaume wanaoga tangu alfajiri.
Nilingoja saa nane ya usiku nifue kitambaa,
nikianike chini ya gunia,
nikivae kingali kibichi.

Kisha Bugumba, mwenye mitumbwi mitatu, akatoa sheria:
aliye mwezini asisogelee wavu, asiguse ndoo.
Wakipata kidogo usiku, asubuhi wanatutazama
sisi sita tuliochuchumaa kwenye chanja,
mmoja mmoja,
kama watu wanaotafuta samaki anayenuka.
Mbuke alirudishwa na boti ya kwanza.
Kwa nauli yake mwenyewe.

Basi. Nimemaliza paketi ya tano.
Vyeupe nameza na chai ya rangi,
vya kahawia nabandua, natia kwenye kopo la maziwa.
Vimefika thelathini na vitano. Sijui navitunzia nini.

Kuna usiku naogopa: damu isiyoshuka inakaa wapi?
Nimeiota ikijaa nyuma ya mawe ya Igogo
kama maji ya masika, siku moja isukume nyumba.
Generoza akasema haijikusanyi, dada,
haikutengenezwa.
Haikutengenezwa. Neno hilo nililibeba hadi nyumbani
kama yai.
Paketi ya tatu yalitoka matone, siku mbili,
kama mgeni aliyebisha hodi kisha akaghairi.

Kamba yangu ya nguo imefungwa jiwe hadi jiwe,
na mama mkwe, Bibi Leokadia, anaisoma kila asubuhi.
Anajua shuka ipi imechanika.
Anajua vitambaa vyangu havijapita hapo tangu mahindi mabichi.
Jumanne alikuja na udongo wa kula
katika kipande cha kanga,
akaniwekea pande kubwa kiganjani,
akalitazama tumbo langu, akasema,
“Magunia sasa wabebe wengine.”
Mume wangu akatoka nje kuangalia bati
ambalo halivuji.

Ningemwambia. Neno lilifika kwenye meno.
Lakini miguu yake ilikuwa imevimba,
na alikuwa amepanda mawe yote yale na udongo ule,
na alikuwa akitabasamu na pengo lake.
Nikaumega, nikaula.
Ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililonikera.

Mwezi umebaki ukucha. Keshokutwa ni giza.
Nimekunja magunia, nimehesabu vyeupe vya siku kumi,
na viwili vya ziada boti ikichelewa.
Kopo nimeliacha juu ya kabati:
vile vya kahawia, na juu yake udongo uliobaki.
Bibi Leokadia atalifungua, namjua.
Acha aulize,
nikiwa Irugwa, mikono kwenye dagaa hadi viwiko,
na hakuna anayenitazama.