Alama ya Kezia

Nkambo Kezia alisuka watu nywele barazani, Kamalondo,
uzi mweusi ameubana kwa meno,
na ukimwuliza jina lake limetoka wapi
alijibu pembeni mwa uzi: Biblia. Binti wa Ayubu.
Yule wa baada ya majipu.
Kisha alikuinamisha kichwa, mazungumzo yameisha.

Tumemzika. Ndani ya kopo lake la biskuti, chini ya vifungo
na risiti za maji za mwaka gani sijui,
nimekuta barua ya Enos Fensome, fundi wa reli,
ile reli iliyopanda kutoka kusini
ikaukuta mji huu bado mahema na vichuguu.
Mistari minne. Mtoto ni wa kike.
Nimempa jina la mama.

Mama yupi?

Miezi saba nimemtafuta kwenye kioo cha simu,
nikinunua vifurushi kwa pesa ya makala,
nikiyaandikia makanisa ya vijiji nisivyoweza kuvitamka.
Karani mmoja akajibu. Akanipigia picha kurasa.
Mwaka 1851: Kezia, miaka kumi, kazi kusuka mabua.
Kumi! Na kazi imeandikwa, kama ya mtu mzima.
Mabua ya ngano, karani anaeleza, ya kofia za mabibi wa mjini;
wasichana waliyalowesha mdomoni yasivunjike,
na ukingo wa bua hukata, basi midomo yao
ilikuwa vidonda hadi pembeni.

Nikaushika mdomo wangu.
Nikaukumbuka ule uzi.

Siongezi neno. Damu haifundishi kusuka;
Nkambo alifundishwa na jirani, Mluba, kwa malipo ya unga.

1862 ameolewa na kibarua wa shamba la mtu.
1863 amezaa. 1864 amezika.
Watoto saba, makaburi manne, Enos kitindamimba.
1899 mwenyewe, na jeneza limelipiwa na parokia.
Mjomba Kasongole, aliyekwisha kuanza kuulizia viza,
akasema: kumbe nao walikuwa maskini hivi?
Akarudia bukari yake.

Kwenye kitabu cha ndoa jina limeandikwa na mkono wa mwingine,
na katikati ya jina, X,
mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake,
kalamu imekwama kwenye karatasi ikatoa tone.
Pembeni: alama ya Kezia.
Hapo nilikaa sana. Miaka yote ile ni ya makarani.
Lile tone ni lake.

Lakini mtoto alizaliwa na mtu, hakuzaliwa na reli.
Upande wa pili wa ukurasa ni Chisenga, Mlamba,
na hakuna karani wa kumwandikia.
Mama anajua mambo mawili tu: alikuwa na kovu kwenye kiwiko,
na Enos alipoondoka alimwachia kopo la biskuti,
likiwa tupu.

Umeme umekatika. Naandika kwa mshumaa
katika daftari la shule la mwanangu:
kushoto Kezia, miaka, parokia, kazi.
Kulia Chisenga, halafu weupe.
Jumapili nitashuka Kafubu, kuna mzee wa kike huko
husemekana anakumbuka majina, au anakumbuka nusu.
Kwa sasa nimechora kwenye ule weupe
alama ileile, nikaukandamiza wino.

Asubuhi Kapinga amelifungua daftari,
ametazama X mbili, ameniuliza:
mama, ni nani huyu aliyekosa hesabu?