Uwanja Umepungua

Nimeazima utepe kwa Fundi Athmani wa Magongo,
ule wa kupimia viuno vya mabibi harusi,
na asubuhi hii, kabla ya kengele, nauburuta mchangani:
mita moja na nusu, weka jiwe,
mita moja na nusu, weka jiwe.
Riziki wa darasa la tano ameshika ncha, anahesabu kwa sauti.
Jiwe la arobaini na mbili likagota ukutani.
Akageuka kuniangalia
kana kwamba mimi ndiye niliyeiba.

Mwaka juzi mita mia zilienea,
tena pakabaki pa kuangukia, pa kuhema,
pa mama kumdaka mwanawe.
Mwaka jana tuliwaambia: mkivuka mstari, fungeni breki.
Mwaka huu ni sitini na tatu, kisha ukuta,
na nyuma ya ukuta makontena yamepandana
kama vitabu vya mtu asiyesoma.

Kikao, saa saba na nusu.
Chumba kinanuka wino na samaki wa kupaka.
Mwalimu Nyamvula ana orodha:
magunia ishirini, kutoka kwa dadake auzaye viazi Kongowea,
na safari hii yafuliwe,
maana mwaka jana watoto walijikuna hadi Jumatatu.
Yai na kijiko? Mayai yamepanda.
Basi ndimu. Ndimu nazo zimepanda.
Basi kokwa za embe, msimu ndio huu.
Kamba ya kuvutana: babake Mwinyihaji yuko bandarini,
ana kipande cha kamba ya meli
kinene kama mkono wa Mwalimu Kazungu.
"Mkono wangu umeingiaje hapa?"
"Umeingia kwenye kumbukumbu," akasema katibu,
na akaandika kweli.

Tuanze saa moja kamili, tufunge kabla ya saa tano;
jua la Novemba halisemi simile.
Na vuli ikituangukia?
Hapo sote tukatazama dari,
pale penye doa lenye umbo la kuku.

Kisha nikasema la uwanja.

Mwalimu mkuu akavua miwani, akaifuta, hakuivaa.
Barua tumeandika tatu.
Moja ilijibiwa: barua yenu imepokelewa.
Kazungu akataka mita mia zifutwe kwenye ratiba.
Nyamvula akataka tuombe uwanja wa jirani,
na nauli ya watoto mia nne ataitoa nani, babake Mwinyihaji?
Winchi ikanguruma kule nje. Tukangoja inyamaze,
kama mtu anavyomngoja mkubwa amalize kukohoa.

Riziki alikuwa mlangoni na utepe mkononi,
ameuzungusha vizuri kama alivyoonyeshwa.
"Hodi. Mwalimu, si twende tuguse ukuta, turudi?"

Hakuna aliyemkaribisha. Hakuna aliyemfukuza.
Hamsini kwenda, hamsini kurudi.
Katibu alikuwa ameshaanza kuandika.

"Na nani atajua nani kagusa, nani kageukia njiani?"
Kazungu huyo; ndiye refa, ndiye atakayezomewa.
"Wachovye kiganja kwenye chokaa," akasema Nyamvula.
"Chokaa inaunguza ngozi," akasema Mwalimu Dhahabu,
mwenye bandeji zetu zote na chupa ya spiriti.
Basi chaki. Chaki iliyosagwa, na maji kidogo, kwenye ndoo.

Jioni nimebaki peke yangu na bajeti,
shilingi elfu tatu na mia mbili, na kalamu inayokatakata.
Bandeji. Filimbi, ile ya zamani imeingia mchanga.
Maji ya ukwaju, madumu manne.
Chaki, boksi mbili.

Nikainua kichwa. Dirishani ukuta ulikuwa mweupe wa saruji mpya,
mrefu, mtupu, haujaandikwa hata jina la mtu.
Nikawaza mikono mia nne ya ukubwa tofauti,
ya darasa la kwanza ikifika magotini pangu.

Nikafuta boksi mbili.
Nikaandika kumi.
Maji ya ukwaju, madumu matatu.