Deni la Pointi Mbili

Matika Ndahani, jezi namba kumi na moja,
miaka mitatu nilikaa mezani nikikuandika.
Mpira wenyewe sikuwahi kuugusa. Nilipewa kalamu,
fomu yenye mistari, na jiwe la kuikalia fomu,
maana upepo wa Agosti hapa Dodoma haubishi hodi.

Mwaka wa kwanza: mia mbili na sita.
Ulichezea raba za kaka yako,
umeshindilia gazeti vidoleni.
Mwaka wa pili: mia tatu sabini na nne,
na ribaundi zikajaza safu yake
nikahamia pembeni, hadi kwenye saini ya refa.
Mwaka wa tatu, goti limefungwa kitambaa cha kanga:
mia nne na kumi na nane.

Jumla, mia tisa tisini na nane.
Ndivyo ubao unavyosema, nje ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi,
kwa rangi ya bluu iliyoanza kubanduka.
Wageni wakisoma husikitika:
"Mbili tu, jamani, angefika elfu."

Ulifika.

Nusu fainali, robo ya tatu, tunacheza na Mpwapwa.
Vumbi likaja kutoka upande wa Ihumwa
likameza goli, likameza mashabiki na vuvuzela zao.
Ndani yake nikasikia du, du, du,
kisha kimya cha mtu aliye hewani,
kisha mnyororo wa goli letu ukalia.
Refa aliinua vidole viwili.
Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya benchi
nakimbizana na fomu.
Niliporudi mchezo umeshavuka kati,
nikaona haya kuuliza.
Tulishinda kwa ishirini na tatu. Nani angehakiki?

Juzi nimekukuta soko la Majengo,
buti zina udongo mwekundu wa viwanja unavyopima huko Nala.
Nikaungama palepale, kati ya nyanya na dagaa.
Hukushtuka.
"Nilikuwa nahesabu," ulisema, "tangu raba za gazeti."

Ukatumbukiza mkono kikapuni mwangu
ukatoa vichala viwili vya zabibu,
vile vinono, nilivyovibembelezea bei.
Nikakuuliza kama sasa tumelipana.

"Hii ni riba," ukasema, mdomo umejaa,
na hao ukaenda zako,
ukiwapita watu kwa bega la kushoto
kama zamani.